Kanda Zilizofutwa London Zikakutwa Nigeria. Na Zetu Je?

Wadau, leo naomba tuweke pembeni siasa na bei ya vitu, tuzungumze kuhusu televisheni. Sisemi vipindi vya leo jioni, hapana. Nasema vipindi vilivyokwisha kuonyeshwa, vikafutwa, vikasahauliwa, kisha siku moja mtu akavikuta juu ya rafu yenye vumbi katika nchi ambayo wengi hawakufikiria kwenda kuvitafuta. Nchi yenyewe ni ya Afrika. Na mkinivumilia nitawafikisha hadi huku kwetu Bushubi, yaani Ngara na Biharamulo, kwa sababu kadiri ninavyoisoma habari hii ndivyo ninavyoona inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu Waingereza.

Kwa wale wasioifahamu, kuna tamthilia ya BBC inaitwa Doctor Who. Ilianza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Ni habari ya mtu asiye wa dunia hii anayesafiri katika wakati na anga akiwa ndani ya kibanda cha simu cha polisi. Daktari wa kwanza alichezwa na William Hartnell, wa pili na Patrick Troughton. Watoto wa Uingereza walikuwa wanaitazama wamejificha nyuma ya viti kwa hofu. Kwa kifupi, ni kitu kikubwa kwao, kama ambavyo Vioja Mahakamani na Vitimbi vilivyo vikubwa kwa majirani zetu Wakenya.

Sasa ungedhani kitu kinachopendwa namna hiyo kingetunzwa kama lulu. Wapi! BBC wenyewe walikifuta.

Sababu zao ukizisikia zinaeleweka kabisa, na hapo ndipo penye funzo. Miaka ile vipindi vilirekodiwa kwenye kanda za video zenye upana wa inchi mbili. Kanda hizo zilikuwa ghali, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuifuta moja ukarekodi kitu kingine juu yake. Makubaliano na chama cha waigizaji yaliweka mipaka kuhusu kurudia kipindi, hivyo kikishaonyeshwa hakikuwa na kazi kubwa tena. Video za kuangalia nyumbani hazikuwepo. Halafu rangi ikaingia, BBC2 mwaka 1967 na BBC1 mwaka 1969, na vitu vya nyeusi na nyeupe vikaonekana kama nguo zilizopitwa na wakati. Mhasibu akitazama rafu haoni utamaduni pale. Anaona kanda zinazokula nafasi na ambazo zinaweza kutumika tena. Basi zikafutwa, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alikuwa anafanya kazi yake vizuri tu.

Lakini kabla ya kufutwa kulikuwa na jambo moja limefanyika. BBC walikuwa na kitengo cha kuuza vipindi nje. Kwa kuwa vituo vingi vya nje havikuwa na mitambo ya kuchezesha kanda zile, vipindi vilihamishiwa kwenye mikanda ya filamu ya milimita 16 na kutumwa duniani kwenye makopo. Nani walinunua? Australia na New Zealand, bila shaka, lakini pia Nigeria, Sierra Leone, Zambia, Ethiopia, na majirani zetu Kenya na Uganda. Kumbukeni Nigeria walikuwa na televisheni tangu 1959, Kenya wakaanza 1962, Uganda 1963. Vituo vilikuwa vichanga, saa za kujaza ni nyingi, na filamu ya kukodi ilikuwa nafuu kuliko kutengeneza yako.

Mkataba ulikuwa wazi. Ukimaliza kuonyesha, ama unairudisha London, ama unaiteketeza, ama unaipeleka kwenye nchi nyingine itakayoionyesha baada yako. Kwa hiyo kopo moja la filamu lingeweza kuzunguka nchi kadhaa, likipanda ndege na kushuka, likipita forodha moja hadi nyingine kama mfanyabiashara wa mitumba.

Kufikia 1978 hali huko London ilikuwa hivi: kanda za video za miaka ya sitini zilishafutwa, na hata nakala za filamu zilikuwa zinateketezwa kwa sababu mikataba ya kuziuza ilikuwa imekwisha. Mwaka huo mpenzi mmoja wa tamthilia hiyo aitwaye Ian Levine alifika kwenye hifadhi yao na kukuta mikanda ya kisa cha kwanza cha wale maadui wanaoitwa Dalek imeshafungwa tayari kwa kwenda kuharibiwa. Akapiga kelele, ikasimamishwa. Mwaka huo huo BBC wakampa Sue Malden kazi ya kuchagua nini cha kuhifadhi, na ndipo hesabu ikaanza kupigwa. Mamia ya vipindi vya aina mbalimbali yalikuwa yamekwenda na maji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo ila lilikuwa la mhasibu.

Basi msako ukaanza. Mwaka 1984 nakala kadhaa zikapatikana Cyprus, nyingine Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisa kizima cha sehemu nne, The Tomb of the Cybermen, kikapatikana katika kituo kimoja huko Hong Kong. Baada ya hapo miaka ikapita na watu wakaanza kusema basi, vilivyopatikana ndivyo hivyo.

Hapo anaingia Mwingereza mmoja, Philip Morris. Huyu bwana aliamua kufanya kitu ambacho sisi waandishi tunakijua vizuri: kuacha kutegemea barua na simu, na kwenda mwenyewe. Alifuata njia ya makopo. Akachukua kumbukumbu za nani aliuziwa nini, nani aliagizwa ampelekee nani, akaanza kuvitembelea vituo vya Afrika kimoja kimoja. Katika kituo cha kurushia matangazo huko Jos, Nigeria, akakuta makopo. Tarehe 11 Oktoba 2013 BBC wakatangaza habari hiyo rasmi: mikanda 11 kutoka Jos, na kati yake 9 ni sehemu ambazo hazikuwepo mahali pengine popote palipojulikana duniani. Sehemu 5 za kisa kinachoitwa The Enemy of the World na 4 za The Web of Fear, vyote vya enzi za Troughton, miaka ya 1967 na 1968. Kisa cha kwanza kikawa kimekamilika. Cha pili kikabakiwa na pengo moja tu, sehemu ya tatu. Wakati ule sehemu za Doctor Who zilizokuwa bado hazijapatikana zilibaki 97.

Hilo pengo moja lina maumivu yake. Morris amesema wazi kwamba makopo yote ya kisa hicho yalikuwepo pale alipoyaona mara ya kwanza. Taratibu za kuyatoa zilichukua muda, na yalipofika mikononi mwake kopo la sehemu ya tatu halikuwemo. Yaani kitu kikae kwenye rafu zaidi ya miaka 40, kivumilie joto, vumbi na panya, halafu kitoweke baada ya mtu kugundua kwamba kina thamani! BBC baadaye wakaijaza nafasi hiyo kwa katuni iliyotoka 2021.

Mtauliza, katuni hiyo ilipata wapi sauti za waigizaji? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Sauti za sehemu zote zile 97 zipo. Hazikutunzwa na shirika. Zilitunzwa na vijana wa Uingereza wa miaka ya sitini ambao walikuwa wanakaa sebuleni na vinasa sauti vyao, wanaelekeza kipaza sauti kwenye televisheni, wanamwambia mama anyamaze, wanarekodi. Vijana wasio na mamlaka yoyote, bila bajeti wala kamati. Shirika lenye majengo na wahandisi lilifuta, mtoto mwenye kinasa sauti akatunza.

Tuzungumze kidogo kuhusu kurekebisha, maana kupata kopo ni mwanzo tu. Mikanda mingi ya filamu ya zamani imetengenezwa kwa kitu kinachoitwa asetati. Ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kuoza na kutoa harufu kali ya siki. Ukifungua kopo ukasikia harufu hiyo, jua saa imeshaanza kuhesabu. Mkanda unasinyaa, unajikunja, unakuwa mkavu hadi unakatika, na ugonjwa huo unaambukiza makopo ya jirani. Kwa hiyo mkanda ukipatikana, kwanza unasafishwa, unaungwa palipokatika, kisha unapigwa picha mmoja mmoja kwa mashine na kuingizwa kwenye kompyuta. Hapo mafundi wanaondoa michirizi na madoa, picha baada ya picha. Kipindi cha dakika 25 kina picha zaidi ya 37,000, na mtu anapaswa kuzipitia.

Kuna mambo yanayofanana na uchawi. Vipindi vya video vilikuwa na mwendo laini, lakini vilipohamishiwa kwenye filamu mwendo ule ulipotea vikaanza kuonekana kama sinema. Wataalamu wameunda programu inayorudisha ule ulaini wa video. Tena wamegundua kwamba baadhi ya vipindi vya rangi, vilivyobaki kwa nakala ya nyeusi na nyeupe tu, vina vidoti vidogo sana ndani ya picha, ambavyo ni mabaki ya alama za rangi yenyewe. Wakavisoma vidoti hivyo kwa kompyuta na kuirudisha rangi. Kipindi kimoja cha vichekesho cha Dad's Army kilirudishiwa rangi kwa njia hiyo mwaka 2008. Rangi ilikuwa imelala mle ndani miaka yote hiyo ikisubiri mtu mwenye subira.

Haya, sasa turudi nyumbani.

Sisi wa Bara televisheni tumeipata kwa kuchelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za bara hili zilikuwa bado na nyeusi na nyeupe. Bara, serikali ya Mwalimu iliona ni anasa, fedha ziende kwenye shule na maji, na redio inatosha. Mpaka 1994 ndipo vituo binafsi vya CTN, ITV na DTV vilipoanza jijini Dar es Salaam. Televisheni ya taifa ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: sisi hatuna tamthilia ya zamani ya kutafuta, hatukuwa na televisheni.

Mimi napinga. Tulikuwa na picha zinazotembea hata kabla ya Vita vya Pili. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Walitengeneza filamu 35. Walizipakia kwenye lori pamoja na mashine ya kuonyeshea wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walioigiza walikuwa watu wa hapa hapa. Ni kweli maudhui yalikuwa ya kikoloni, mzungu anakufundisha kulima na kuchimba choo. Lakini sura zile ni za babu zetu, mavazi ni yao, na mashamba ni yao. Katika filamu zote hizo 35, zinazojulikana kubaki ni 3 tu, na zipo London kwenye hifadhi ya filamu ya Uingereza.

Tatu kati ya thelathini na tano! Doctor Who ana nafuu kubwa kuliko sisi.

Uganda wana habari yenye faraja zaidi. Mwaka 2015, katika jengo la shirika la utangazaji UBC jijini Kampala, mfanyakazi wao Winston Agaba alikuta kabati lenye negativu 70,000 za picha zilizopigwa na wapigapicha wa Wizara ya Habari, nyingi zikiwa za enzi za Idi Amin. Negativu zilikuwa kwenye bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Nyingi ya picha hizo hazikuwahi hata kusafishwa na kuchapishwa. Kuanzia 2018 UBC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Australia Magharibi wakaanza kuziingiza kwenye kompyuta, na Mei 2019 maonyesho yakafunguliwa katika Makumbusho ya Uganda. Watu walikwenda kutazama na kuwatambua ndugu zao. Angalieni jambo moja: bahasha zilikuwa na maandishi. Kuna karani mmoja, jina lake halimo kwenye habari hiyo, aliyekuwa anaandika tarehe kila siku hata katika miaka ile ya kutisha. Bila yeye zile zingekuwa sura tu zisizo na majina.

Na sisi tuna kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kuanzia miaka ya sitini bendi zilikuwa zinaingia studio za RTD kurekodi: NUTA Jazz, Mlimani Park, Vijana Jazz na wengine wengi, pamoja na taarabu, ngoma za makabila, hotuba na michezo ya redio. Mwaka 2012 kundi la vijana, Watanzania na Wamarekani, lilianzisha Tanzania Heritage Project kwa lengo la kuzihamishia kanda hizo kwenye dijitali, na lilikadiria kwamba zina zaidi ya saa 100,000. Hebu piga hesabu: ukisikiliza mchana na usiku bila kulala, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 11.

Sasa Ngara.

Mwaka ule ule wa 1994, wakati watu wa Dar es Salaam wanafunga antena zao za kwanza, wilaya yetu ilikuwa kwenye televisheni za dunia nzima. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kukimbia mauaji ya kimbari na vita. Umoja wa Mataifa ulisema haujawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa haraka namna ile. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa pale, ikaota kwenye vilima kwa siku chache, na watu wakawa wanasema ni mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Sebastião Salgado, mpigapicha mashuhuri wa Brazil, alifika akapiga picha ambazo ziko kwenye vitabu vyake. Wapiga kamera wa mashirika makubwa walijazana. Dunia iliona vilima vya Ngara kabla sisi wenyewe hatujaviona kwenye kioo.

Kanda hizo ziko wapi? Haziko Ngara wala Biharamulo. Ziko kwenye hifadhi za mashirika ya habari Ulaya na Marekani, zimeorodheshwa vizuri, zina namba, na ukitaka kuzitumia unalipia. Siwalaumu. Wao walituma watu, wakalipa gharama, wakatunza. Mwaka 2015 shirika la AP pamoja na British Movietone waliweka YouTube vipande zaidi ya 550,000 vya habari, vingine vya tangu mwisho wa karne ya 19. Ukiwa na bando jaribu kutafuta jina la wilaya yako kwenye hifadhi za namna hiyo uone dunia ilikuwa inakutazama vipi.

Lakini jiulize: katika picha hizo sisi tuko wapi? Mshubi na Mhangaza wa 1994, mwenye shamba la migomba lililokatwa kuni na wageni laki mbili na nusu, aliyewapa maji na pia akaibiwa mbuzi, yuko wapi? Kamera zilifuata wakimbizi, na ndiyo habari iliyokuwepo. Mwenyeji anapita nyuma ya picha kama kivuli. Kumbukumbu yake haikuingia kwenye kanda ya mtu. Redio Kwizera ilianzishwa hapa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, na hiyo ilisaidia sana kwa upande wa sauti. Upande wa picha, alichobaki nacho mwenyeji ni kile alichorekodi mwenyewe.

Na alirekodi! Hili ndilo ninalotaka kusema leo. Kuanzia miaka ile ya tisini, kila harusi yenye uwezo kidogo, kila jubilei ya padre, kila upadrisho na kila mazishi ya mtu mkubwa kuanzia Rulenge hadi Biharamulo mjini, kulikuwa na kijana mwenye kamera begani na taa kali inayochoma macho. Kanda za VHS zikawekwa kabatini pamoja na albamu na vyeti vya ubatizo. Hizo ndizo hifadhi zetu. Hizo ndizo makopo yetu ya Jos.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Babu yangu mzaa baba alifariki kabla sijazaliwa. Nyumbani kuna picha zake mbili tu, zote amesimama wima kama askari. Mwaka jana shangazi akakumbuka kwamba mwaka 1998 kwenye harusi ya baba mdogo kulikuwa na video. Kanda ikatafutwa, ikakutwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ina ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Nikaipeleka Dar. Fundi wa kwanza aliitumbukiza kwenye deki moja kwa moja, ikajinasa na kukatika, akanirudishia akisema imekufa. Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye subira, akafungua kasha lake, akahamishia mkanda kwenye kasha lingine, akausafisha taratibu kwa kitambaa laini, akaunga palipokatika, kisha akaicheza mara moja tu huku kompyuta inarekodi. Aliniambia usidai mara ya pili, hii huenda ndiyo ya mwisho.

Tulipata dakika 50 na kitu. Nyingi ni za watu kula na kucheza, na picha inaruka ruka. Lakini kuna dakika nne hivi ambapo babu anasimama kuwapa maharusi wosia, kwa Kishubi. Kile Kishubi kizito ambacho mimi naelewa nusu yake tu. Baba alisikiliza, akaomba irudishwe, akasikiliza tena. Kuna maneno mle ndani ambayo ilibidi anieleze maana yake, na mawili yeye mwenyewe ilibidi ampigie simu shangazi kumuuliza. Watoto wa kaka yangu, ambao wanazungumza Kiswahili tu, walicheka lafudhi, kisha wakaanza kumuiga. Niambieni, hiyo utailipia shilingi ngapi kwenye hifadhi ya London? Haipo London. Ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa chini ya kitanda.

Ndiyo maana nasema Doctor Who inatuhusu. Ukiitazama vizuri historia ile utaona vipindi viliokoka kwa sababu mbili. Kwanza, vilikuwa na nakala nyingi zilizotawanyika: London wakifuta, Jos bado ipo. Pili, kulikuwa na watu wa kawaida waliovipenda kuliko wenye mamlaka walivyovipenda. Harusi ya baba mdogo ilikuwa na sababu ya pili tu. Nakala ilikuwa moja.

Na muda hautusubiri. Hifadhi ya taifa ya Australia ilitoa onyo mwaka 2015 kwamba kanda zote za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishwa kufikia 2025 nyingi zitapotea, ama kwa kuoza ama kwa kukosa mashine. Mwaka huo umeshafika. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwezi Julai 2016. Deki zilizobaki ni zile za mafundi, na vipuri wanavitoa kwenye deki zilizokufa. Mkanda wako unaweza kuwa mzima kabisa ukakosa pa kuchezwa.

Kwa hiyo likizo hii ukienda kijijini, iwe Ngara, Biharamulo au kwingine, usiishie kupiga picha na migomba. Uliza kanda. Ukiikuta yenye ukungu usiitie kwenye deki hata kama watu wanakusihi waione, tafuta kwanza fundi wa kuisafisha. Isiyo na ukungu isimamishe wima kama kitabu, mahali pakavu, mbali na dirisha na spika. Ikihamishwa, usitunze nakala kwenye simu yako peke yake: weka kwenye kompyuta, weka kwenye flashi ya mdogo wako, mtumie shangazi. Na muhimu kuliko vyote, kaa na wazee mwitazame pamoja ukiwa na kalamu. Andika huyu ni nani, huyu ni mtoto wa nani, huyu aliyeshika ngoma alitoka kijiji gani, mwaka gani, maneno hayo maana yake nini. Kumbukeni karani yule wa Kampala na bahasha zake.

Halmashauri zetu na maktaba za mikoa nazo zina kazi ya kufanya, nitaandika siku nyingine kuhusu hilo. Lakini tukikaa kuwasubiri, deki zitakwisha.

Je mdau, kwenu kabatini kuna nini? Na yule anayejua majina ya waliomo bado yu hai?

Nawasilisha.